Hula Huanza na Maneno: Mwongozo wa Kuandaa Muziki na Ngoma ya Hawaii Ukiwa Marekani Bara

Mei ikifika, mwezi ambao Marekani imeutenga kwa ajili ya watu wenye asili ya Asia, Hawaii na visiwa vya Pasifiki, simu huanza kulia kwenye maktaba, shule na vituo vya jamii: nani atatuletea kitu cha Hawaii? Kinachopatikana kwa haraka kinajulikana. Sketi za nailoni, vifuu vya nazi vifuani, maua ya plastiki shingoni, na spika inayopiga ngoma za kasi ambazo hata hazikutoka Hawaii. Watu wanacheka, wanapiga picha, wanakula keki ya nanasi, shughuli imekwisha.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko bara, iwe Minneapolis, Houston, Tacoma au Columbus, ambaye umeombwa kuandaa shughuli ya aina hiyo, au umeupenda muziki huu na unataka majirani wako waujue. Si lazima uwe Mhawaii. Ila kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yatakaa sawa: hula, ngoma ya Kihawaii, inafuata maneno. Miguu inatunza mapigo, mikono inasimulia wimbo. Ukiondoa maneno unabaki na viuno, na viuno ndivyo watalii walivyouziwa kwa karne nzima. Kwa hiyo kila uamuzi hapa chini, kuanzia mtu wa kumwita hadi mahali pa kuweka spika, unaanzia kwenye maneno.

Hatua ya 1: Tafuta watu kabla ya kutafuta ukumbi

Wahawaii wako wengi bara kuliko inavyodhaniwa. Sensa ya 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wenye asili ya Kihawaii wanaishi katika majimbo mengine ya Marekani, nje ya visiwa vyao. Nyumba kule zimepanda bei hadi mwenyeji anashindwa kupanga alikozaliwa, achilia mbali kununua, hivyo familia zinahamia California, Washington, Nevada, Utah, Oregon na Texas. Las Vegas imebatizwa Kisiwa cha Tisa, kwa kuwa visiwa vikuu vya Hawaii ni vinane. Wala uhamaji huu haukuanza jana. Katika karne ya 19, enzi za biashara ya manyoya, Wahawaii walikuwa wakifanya kazi Fort Vancouver kando ya mto Columbia. Na mwaka 1889 Wahawaii wa dhehebu la Mormoni walianzisha kijiji cha Iosepa kwenye bonde kame la Utah, wakakaa hadi 1917.

Kwa hiyo usiseme "hapa kwetu hayupo" kabla hujauliza. Anza na vyama vya kiraia vya Wahawaii. Cha kwanza kilianzishwa Honolulu mwaka 1918 na Mwanamfalme Kūhiō, na leo vipo pia katika majimbo kadhaa ya bara. Uliza vyuo vikuu: Pacific University kule Forest Grove, Oregon, kwa mfano, ina wanafunzi wengi wa kutoka Hawaii na huandaa karamu yao ya lūʻau kila mwaka. Uliza vikundi vya ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, kwa maana mara nyingi kuna mzee mmoja wa visiwani amekaa pembeni, anazijua nyimbo zote na hajawahi kuombwa kuimba hata moja. Halafu tafuta hālau, yaani shule ya hula.

Mwalimu wa hula huitwa kumu hula. Cheo hicho mtu hajipachiki. Kwa kawaida amefundishwa kwa miaka na kumu mwingine, kisha akahitimu kwa sherehe ya ʻūniki, na atakutajia mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake bila kusita. Kumuuliza "Kumu wako ni nani?" si utovu wa adabu hata kidogo. Anayekasirika kuulizwa, muage kwa heshima uendelee kutafuta. Kumbuka pia kwamba kuzaliwa Hawaii ni jambo moja na kuwa Mhawaii ni jingine. Visiwa vile vina Wajapani, Wafilipino, Wareno, Wachina na wengine wengi waliokaa kwa vizazi. Wote wanaweza kuwa wajuzi wa muziki huo, lakini usimtambulishe mtu kwa asili ambayo hajaisema mwenyewe.

Namna ya kumwendea ndiyo inayoamua yote yanayofuata. Usifike na tarehe, ukumbi na bango ulilokwisha kuchapisha, ukamtaka akujazie dakika 20. Fika na swali: tungependa watu wa hapa wausikie muziki huu, wewe ungependa wausikie vipi? Watu wazima huitwa Anti na Anko hata wakiwa si ndugu, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Kumu huitwa Kumu.

Kuhusu tarehe, kwepa juma linaloanza Jumapili ya Pasaka. Wakati huo mji wa Hilo, kwenye Kisiwa cha Hawaii, huwa na tamasha la Merrie Monarch, lililoanza miaka ya 1960 na likaongezewa mashindano ya hula mwaka 1971. Hālau za bara hushiriki pia, na zisizoshiriki huwa zimeganda mbele ya matangazo usiku kucha. Utaalika watu ambao akili zao ziko Hilo.

Na ikiwa kweli hakuna mtu karibu? Fanya usiku wa muziki tu, bila ngoma, au zungumza na kumu anayefundisha kwa njia ya mtandao. Wapo wengi tangu wakati wa Korona. Kujifunza hula kwa kuiga video za watu na kuipandisha jukwaani sikushauri, hata shughuli ikiwa ni ya watoto. Kila mpangilio wa hula una mwenyewe, na huyo mwenyewe ana jina na namba ya simu.

Hatua ya 2: Jua unashiriki kitu gani

Hula ziko za aina mbili kubwa. Kahiko ni ile ya kale, inayoendeshwa kwa sauti ya mwimbaji na ala za kupigwa: pahu, ngoma ya shina la mnazi iliyowambwa ngozi ya papa, au ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa. ʻAuana ni ya baadaye, nayo huchezwa kwa ukulele, gitaa na besi. Kama huna kumu, kahiko iache. Ina taratibu, maombi na mavazi ambayo hayafundishiki kwa wiki mbili. ʻAuana inampokea mgeni kwa upole zaidi.

Hadhira yako inahitaji historia kidogo, ya dakika tatu, vinginevyo hawatajua wanatazama nini. Wamisionari wa Kimarekani walifika 1820. Mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa ameingia Ukristo, alipiga marufuku hula hadharani, nayo ikaendelea vijijini na majumbani. Mfalme Kalākaua aliirudisha mbele ya watu wote kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883, na tamasha la Hilo limepewa jina lake la utani, Merrie Monarch. Miaka kumi baadaye dada yake, Malkia Liliʻuokalani, alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba waliosaidiwa na askari wa Marekani. Mwaka 1896 sheria iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na Kihawaii kikaanza kukauka vinywani mwa watoto. Kilirudishiwa hadhi ya lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978. Katika muda wote huo nyimbo ndizo zilizobeba lugha. Sema hivyo mbele ya watu, kisha nyamaza, wimbo uanze.

Tenganisha pia visiwa. Ile ngoma ya viuno vya kasi na magogo yanayopigwa kwa vijiti inatoka Tahiti. Ngoma ya kuzungusha kisu chenye moto ni ya Samoa. Kwenye karamu za watalii vyote hupangwa pamoja, na vikundi vingi vya bara hucheza vyote kwa sababu wana mseto wa wanachama. Si vibaya, ilimradi mshereheshaji ataje kila kitu kwao. Mtu wa Samoa aliyeketi ukumbini naye anastahili kusikia jina la kwao.

Hatua ya 3: Chagua wimbo mmoja na uufungue

Mmoja. Kikundi kipya kinachojifunza nyimbo sita huimba zote nusunusu. Chukua wimbo mmoja wa ʻauana wenye beti nne au tano fupi, ukae nao mwezi mzima.

Kwanza matamshi, na hapa msemaji wa Kiswahili anaanza mbele ya Wamarekani wenzake: irabu ni hizihizi, a, e, i, o, u, na silabi zote huishia kwa irabu. Yanabaki mambo mawili ya kujifunza. Alama ya ʻokina ni mkato wa sauti kooni, nayo inahesabiwa kuwa konsonanti kamili. Mstari juu ya irabu, kahakō, hurefusha sauti. Vyote viwili hubadili maana: pau ni kwisha, paʻu ni masizi, pāʻū ni sketi. Karatasi ya maneno utakayowagawia watu iwe na alama zote. Nyimbo za zamani zilichapwa bila alama, kwa hiyo hakiki neno kwa neno kwenye kamusi za Kihawaii zilizowekwa mtandaoni bure. Ile ya Mary Kawena Pukui na Samuel Elbert, iliyotoka 1957 na kuongezwa baadaye, ndiyo wengi wanayoitegemea.

Halafu maana, na hapa usiwe na haraka. Nyimbo za Kihawaii zina kaona, maana iliyofichwa chini ya maana ya juu, kama taarabu inavyomsema mtu bila kumtaja. Mvua ya mahali fulani, ua linalochumwa asubuhi, umande, ndege anayerudi: mara nyingi anazungumzwa mpenzi, au mfalme, au msiba. Wimbo wa kusifia bonde unaweza kuwa wa kumsifia mtu aliyelala bondeni. Kumu atakwambia kiasi anachoona unastahili kuambiwa. Ukipewa nusu, chukua nusu, na usiijaze iliyobaki kwa kubuni. Angalia pia wimbo ulitungiwa nani. Mele inoa, nyimbo za jina, zilitungwa kwa heshima ya mtu maalumu, na nyingine familia bado inazitunza. Kuomba ruhusa ni adabu hata pale sheria isipodai.

Sheria nayo ipo. Kwa ujumla, nyimbo zilizochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita zimetoka kwenye hakimiliki. Aloha ʻOe, aliyoitunga Liliʻuokalani mwaka 1878 kabla hajawa malkia, ni ya wote. Nyimbo za katikati ya karne ya 20 nyingi bado zina wenyewe. Sheria inawasamehe wanaoimba bila kiingilio, bila faida na bila mtu yeyote kulipwa, lakini mara tu utakapomlipa mwanamuziki (na nitasema chini kwa nini umlipe) msamaha huo unakatika. Kumbi nyingi, maktaba na vyuo huwa na leseni za ASCAP na BMI, mashirika yanayokusanya ada kwa niaba ya watunzi. Muulize mwenye ukumbi swali hilo kwa maandishi. Kurekodi na kupandisha mtandaoni ni suala jingine kabisa, lenye ruhusa zake.

Hatua ya 4: Jenga muziki kutoka chini

Huhitaji bendi. Sauti mbili, ukulele moja na gitaa moja vinatosha ukumbi wa watu 60.

Ukulele ilizaliwa Honolulu baada ya meli ya Ravenscrag kushusha vibarua kutoka kisiwa cha Madeira mwezi Agosti 1879. Baadhi yao walikuwa maseremala waliojua kutengeneza gitaa dogo la kwao, na mmoja wao, Manuel Nunes, aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi. Gitaa lenyewe lilitangulia: wachunga ng'ombe wa Meksiko walilileta miaka ya 1830, Wahawaii wakalegeza nyuzi zake na kupata mtindo wao, kī hōʻalu, ambao mtu mmoja hupiga besi kwa dole gumba na wimbo kwa vidole vingine. Gitaa la kuteleza kwa chuma juu ya nyuzi ni kazi ya Joseph Kekuku wa Lāʻie, Oʻahu, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, Wamarekani wa bara walisikia sauti hizo kwa wingi mara ya kwanza wakapagawa. Sauti inayolia kwenye muziki wa country imetoka hapo. Nyumbani kwenu yuko mtu anayependa country. Mpe habari hiyo, atakuja.

Sasa mikono kwenye nyuzi. Ukulele inafungwa G, C, E, A, na ile G ya juu mkononi ina sauti nyembamba kuliko C inayofuata. Kwa ufunguo wa C mwanafunzi anahitaji kodi nne, yaani chords, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya ala):

C: kidole kimoja, uzi wa A, freti ya 3.
F: uzi wa G freti ya 2, uzi wa E freti ya 1.
G7: uzi wa C freti ya 2, E freti ya 1, A freti ya 2.
D7 ya Kihawaii: uzi wa G freti ya 2 na uzi wa E freti ya 2, nyingine wazi.

Hiyo D7 ya vidole viwili ifundishe mapema, kwa sababu ndiyo inayofungua kile kipande ambacho wapigaji wa huku huita vamp, daraja dogo kati ya ubeti na ubeti. Mapigo mawili ya D7, mawili ya G7, manne ya C. Kwa kawaida linapigwa mara mbili. Ukilisikia tu unajua uko Hawaii. Wafanye watu wazima walirudie hadi waweze kulipiga huku wakizungumza, kwani hapo ndipo mchezaji anapovuta pumzi, na hapo ndipo kāhea inapoingia: kumu au mchezaji mmoja anatamka kwa sauti maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata, ili kila mtu, mwimbaji na mchezaji, aende mahali pamoja. Wapigaji wasiosikiliza kāhea huharibu hula kuliko wapigaji wasiojua kodi.

Umbo la wimbo mwingi wa hula ndilo hili: vamp, ubeti wa kwanza, vamp, ubeti huohuo tena, vamp, ubeti wa pili, na kuendelea. Kurudia si uvivu. Mara nyingi mchezaji anaanza upande wa kulia, kisha kushoto. Mwisho hufika ubeti unaoanza kwa Haʻina ʻia mai ana ka puana, ambao unatangaza kuwa kiini cha hadithi kimesimuliwa. Waeleze hadhira jambo hilo mapema. Watakapoisikia Haʻina watatabasamu kwa kuwa wamejua kitu.

Kasi: punguza. Kisha punguza tena. Wapigaji waliozoea pop au kwaya hukimbia bila kujua, na mkono unaoonyesha mvua ikishuka mlimani hauwezi kushuka kwa kasi ya gari moshi.

Njia bora ya kufanya mazoezi ni kanikapila, kikao cha kukaa duara na kupiga bila jukwaa, anayejua wimbo anaanza, wengine wanadandia. Maktaba nyingi za umma Marekani huazimisha ukulele kama zinavyoazimisha vitabu. Omba chumba chao jioni moja kila mwezi. Ukweli ni kwamba kanikapila ya watu saba kila mwezi inaueneza muziki huu kuliko tamasha la watu 400 kila mwaka, na mimi ningelazimishwa kuchagua ningeliacha tamasha.

Hatua ya 5: Hula ya mwanzo

Hapa mwalimu ni kumu; kazi yako ni kuandaa watu wake. Waambie waje na nguo isiyobana, miguu peku, na wawe wameshaujua wimbo kwa kichwa. Mtu anayesoma karatasi hawezi kucheza.

Hatua ya kwanza karibu kila mahali ni kāholo. Magoti yakunjwe kidogo na yabaki yamekunjwa. Mguu wa kulia unapiga hatua kulia, wa kushoto unaufuata, wa kulia tena, wa kushoto unagusa chini. Mapigo manne. Kisha kurudi kushoto. Mkono wa upande unaokwenda umenyooshwa usawa wa bega, mwingine umekunjwa mbele ya kifua, viwiko havilegei. Kosa la wote ni kuinuka na kushuka kichwa. Kichwa kinatakiwa kisafiri usawa mmoja, na magoti ndiyo yanayolipa gharama. Baada ya dakika 10 mapaja yatawaka moto, na watu wazima wataacha kuiita hula ngoma laini.

Zipo hatua nyingine pia. Hela, mguu kunyooshwa mbele na kurudi. ʻami, kiuno kuzungushwa duara. Na ʻuwehe, visigino kuinuliwa ili magoti yafunguke mbele. Msirundike zote siku ya kwanza. Chukueni mstari mmoja wa wimbo. Someni kwa sauti. Semeni maana. Kisha mikono peke yake, mkiwa mmeketi. Kisha miguu peke yake. Kisha vyote. Macho yafuate mkono unaosimulia: mkono ukionyesha mlima na macho yakawa yanatafuta binamu kwenye viti vya nyuma, mlima haupo.

Ile ya kuketi isiishie kuwa zoezi tu. Vituo vya wazee huipokea vizuri sana, maana mikono ndiyo inayosema na kiti hakipunguzi neno. Ukihitaji hoja ya kumshawishi meneja wa kituo cha afya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii wamefanya majaribio na Wahawaii wenye shinikizo la damu na kuona kuwa mafunzo ya hula yalisaidia kulishusha.

Kikundi chenu kisijiite hālau. Neno hilo linabeba mwalimu na nasaba yake. Hui, yaani kikundi, linatosha kwa wanaojifunza.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Sakafu ya mbao, iliyofagiwa mara mbili, kwa sababu wanacheza peku na pini moja ya ubao wa matangazo inatosha kuvunja shughuli. Sakafu ya zege huumiza magoti. Ikibidi, tandika zulia jembamba lisiloteleza. Mpe kila mchezaji upana wa mita moja na nusu hivi, mikono inyooke bila kumgusa jirani.

Sauti ya mwimbaji iwe juu ya ala zote. Maiki ya ukulele ielekezwe pale shingo inapokutana na mwili, si kwenye tundu, ambako inavuma tu. Spika moja igeuzwe kuelekea wachezaji. Mafundi wengi husahau hilo, wakaelekeza zote kwa watazamaji, na wachezaji wakabaki wakisikiliza mwangwi wa maneno unaorudi kutoka ukuta wa nyuma, umechelewa nusu pigo.

Ratiba ya saa moja na nusu inaweza kwenda hivi: oli (wimbo wa kughani, usiochezwa) ya kufungua, kutoka kwa mtu aliyefundishwa kuitoa, historia ya dakika tatu, nyimbo mbili bila ngoma, hula mbili au tatu, hadhira kufundishwa mikono ya mstari mmoja wakiwa vitini, hula ya mwisho ambayo watautambua mstari huo, kisha ukulele mezani na watu wajaribu kodi ya C. Kabla ya kila wimbo dakika moja: nani aliutunga, kwa ajili ya mahali gani au nani, unasema nini. Usitafsiri mstari kwa mstari. Mchezaji ataifanya kazi hiyo. Kahiko ikiwepo, ina wimbo wa kuingia, wimbo wenyewe na wimbo wa kutoka, hivyo waombe watu wasubiri hadi wachezaji watoke ndipo wapige makofi.

Mshereheshaji asipige kelele ya "Alooooha!" na kuwalazimisha watu waijibu kwa nguvu zaidi, mara tatu. Hiyo ni ya hotelini.

Hatua ya 7: Mavazi, lei, chakula na malipo

Mavazi aamue kumu. Sketi ya nyasi ya plastiki haina nafasi, na vifuu vya nazi ndiyo kabisa. Pāʻū ya kitambaa yenye mikunjo kiunoni, au gauni refu la maua kwa ʻauana, hushonwa na fundi yeyote mwenye subira.

Lei, shada la shingoni, ikivikwa, pokea. Kuivua mbele ya aliyekuvika ni kumkosea. Mjamzito kwa desturi huvikwa lei iliyo wazi, isiyofungwa mduara. Ikinyauka haitupwi kwenye takataka; hutundikwa ikauke au hurudishwa udongoni. Unaweza kutunga kwa maua ya bustani kama carnation, au okidi za duka la maua la mtaani kwako, na hilo ni bora kuliko plastiki ya kutoka mbali. Anayeagiza kutoka Hawaii ajue kuwa mizigo hukaguliwa na idara ya kilimo uwanjani, na maua, majani au matunda ya jamii ya michungwa hayapiti. Lehua, ua la mti wa ʻōhiʻa, usiliombe: ugonjwa wa kuvu unaua misitu ya miti hiyo, na hata wachezaji wa Hilo waliombwa waliache.

Chakula, kwa kifupi: kalo ni magimbi yaleyale ya duka la Waafrika, na poi ni magimbi yaliyochemshwa na kupondwa hadi yawe uji mzito. Nguruwe wa kufukiwa ardhini ni maarufu, lakini kama una wageni Waislamu pika kuku na samaki, uandike majina ya vyakula mezani.

Malipo: uliza kiwango mapema, lipa siku hiyohiyo, ongeza nauli. Mwanamuziki wa visiwani aliyehamia bara kwa sababu ya kodi ya nyumba hawezi kuilipa kwa "utajulikana". Zaidi ya fedha, ni desturi kupeleka hoʻokupu, zawadi: chakula ulichopika, mmea, kitu cha kwenu. Kanga nzuri yenye jina linalofaa inapokelewa kwa furaha, na itaulizwa maana yake, kwa hiyo uichague vizuri.

Picha na video ziwe kwa ruhusa ya kumu, na zisiwe za hula nzima. Karatasi za maneno waache watu waende nazo nyumbani. Chini kabisa ya kila karatasi andika ufunguo wa wimbo, jina la mtunzi, jina la kumu aliyewafundisha, na tarehe ya kanikapila ya mwezi ujao na chumba itakapofanyika.